Somo la Redio: Kipimo cha Jirani

Fungueni madaftari, lakini kalamu ziwekeni chini kidogo.

Juma lililopita nilitembelea darasa moja la jioni. Mama mmoja alikuwa akisoma vizuri, neno kwa neno. Mara jirani yake akafika mwisho wa ukurasa. Yule mama akanyamaza, akafunga kitabu. Nilipomwuliza sababu akajibu, "Mwenzangu amekwisha maliza, Bwana. Mimi mzito." Juma hili hakuja.

Kujipima kwa wenzetu si ugonjwa. Mwaka 1954 Bwana Leon Festinger, mtaalamu wa Marekani, aliandika kwamba mtu akikosa kipimo kingine cha uwezo wake, hujipima kwa watu. Lakini tabia hiyo ikizidi, mwili nao hukazwa. Jiangalieni: mabega hupanda, meno huumana, pumzi huwa fupi. Katika hali hiyo kusoma ni kazi ngumu.

Basi tuanze na mwili. Daktari Edmund Jacobson, naye wa Marekani, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1929 namna ya kulegeza misuli, fungu moja baada ya jingine. Hakukiandika kwa ajili ya watu wanaojilinganisha, lakini njia yake yaweza kutufaa.

Tufanye pamoja. Kwanza, kanyageni sakafu kwa nyayo zote mbili. Pili, kunjeni ngumi, mzikaze, mhesabu moja mpaka tano. Sasa ziachieni, mikono ilale mapajani. Mwasikia tofauti? Tatu, inueni mabega, kisha myashushe. Nne, vuteni pumzi polepole, mwitoe polepole zaidi. Mwenye maumivu mahali asipakaze.

Utauliza, "Je, sasa nitasoma upesi kama jirani?" La. Utaweza kurudi kwenye mstari wako. Kisha fungua daftari lako la mwezi uliopita, ulitazame pamoja na la leo. Hicho ndicho kipimo chako. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.

Lakini huzuni ikikushika siku nyingi, au usingizi ukikupotea, nenda zahanati ukaeleze.

Na wewe mama, kama unasikiliza: kiti chako kipo, na ukurasa wako unakungoja.

Maneno ya kuandika leo: kipimo, pumzi, bega, legeza.

Kwa herini.