Kurudi Nyumbani Ukiwa Hai: Maandalizi ya Wazee Wetu Walioko Uingereza





Karibu kila mji wa Uingereza wenye Watanzania au Wakenya wa kutosha una chama cha kufa na kuzikana. Mtu akifariki Leicester usiku, asubuhi kundi la WhatsApp limeshafunguliwa, mweka hazina ametajwa, namba ya akaunti imetumwa, na kuna mtu ameomba ruhusa kazini akafuatilie cheti cha kifo, kibali cha kusafirisha mwili na karatasi za ubalozi. Siku si nyingi jeneza liko kwenye ndege ya Kilimanjaro au Nairobi, na nyumbani kaburi limeshachimbwa. Kazi hii tunaifanya vizuri, na tunaifanya hata kwa mtu ambaye wengi wetu hatukuwahi kula naye.

Sasa mzee huyo huyo angesimama kwenye mkutano wetu miaka 5 kabla, akasema, "Wanangu, nataka kurudi nyumbani nikiwa hai," nani angeitisha kikao? Tungempongeza, tungemwambia nyumbani ni nyumbani, kisha tungemwacha ahangaike peke yake na makaratasi, kontena, na ndugu wanaomsubiri uwanja wa ndege. Hoja yangu leo ni moja tu: kurudi kwa mzee aliye hai kunahitaji kamati, mfuko na utaratibu, kama tunavyofanya kwenye msiba, na kamati hiyo ianze kazi miaka kadhaa kabla ya tiketi kukatwa.

Ninaowazungumzia mnawafahamu. Ni manesi waliokesha wodini, waliolea wazee wa watu kwenye nyumba za kulelea wazee, waliosafisha ofisi alfajiri, waliobeba maboksi kwenye maghala. Wengi walifika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakisema wanakaa miaka 5. Sasa wanafika umri wa pensheni ya serikali, ambao ulikuwa miaka 66 na unapandishwa hatua kwa hatua hadi 67 kati ya 2026 na 2028.

Ukimwuliza mzee wa namna hii amejiandaaje kurudi, atatoa simu akuonyeshe picha ya nyumba. Nimeonyeshwa picha nyingi sana za nyumba hizo. Nyumba yenyewe ina ghorofa moja, nguzo nne mbele, bati la rangi, geti la chuma. Vyumba vya kulala viko juu. Vigae vinang'aa kuanzia sebuleni hadi bafuni, na ngazi za zege hazina mahali pa kushika. Ramani ilichorwa mwenyewe akiwa na miaka 48, mwenye nguvu za kupanda na kushuka. Atakayeishi humo ana miaka 70, goti limeshafanyiwa upasuaji, na usiku anaamka mara tatu kwenda haja. Vigae vile vikilowa maji, kuanguka mara moja kunatosha kuvunja nyonga, na nyonga iliyovunjika kwa mtu wa umri huo mara nyingi ndiyo inayomlaza kitandani moja kwa moja.

Kwa hiyo, ambaye bado anajenga, naomba asimamishe fundi wiki moja tu akague upya. Chumba kimoja cha kulala na choo chake viwe chini. Mlango wa bafu uwe mpana wa kupitisha kiti cha magurudumu. Vyuma vya kushikia viwekwe ukutani kabla ya plasta, na vigae vya bafuni viwe visivyoteleza. Halafu apime umbali kutoka getini hadi hospitali yenye daktari bingwa, kwa barabara ya masika na si kwa barabara ya Desemba aliyoizoea akienda likizo. Kijijini Rombo kuna hewa safi na mandhari ambayo hata mimi naitamani, lakini mtu anayesafishwa damu mara tatu kwa wiki anahitaji kuishi karibu na hospitali ya KCMC pale Moshi.

Nyumba imepewa miaka 20 ya jasho. Miaka ya kuishi ndani yake haijapewa hata jioni moja ya kukaa na kalamu. Ndiyo maana naomba mnivumilie nikae kidogo kwenye suala la pensheni, kwa kuwa hapa ndipo wazee wetu wanapoumia bila kujua.

Pensheni kamili ya serikali ya Uingereza, chini ya mfumo ulioanza Aprili 2016, kwa kawaida inahitaji miaka 35 ya michango ya bima ya taifa. Ukiwa na chini ya miaka 10, hupati kitu kwa michango hiyo. Mama aliyefika akiwa na miaka 40, akafanya kazi bila kukatika hadi 66, ana miaka 26. Kwa kiwango cha mwaka wa fedha 2025/26, ambapo pensheni kamili ilikuwa pauni 230.25 kwa wiki, yeye angepata kama pauni 171. Tena hapo hatujatoa miaka aliyosubiri kibali, au aliyofanya kazi za saa chache zenye mshahara usiofikia kiwango cha mchango. Rekodi hii kila mtu anaweza kuiona kwenye tovuti ya serikali, na mapengo ya miaka ya karibuni, kwa kawaida 6, huweza kuzibwa kwa kulipia. Ukaguzi huu ufanyike mapema, mzee akiwa bado na mshahara wa kuzibia hayo mapengo.

La pili ni zito zaidi. Kila Aprili pensheni ya mzee anayeishi Uingereza inapandishwa. Inapandishwa pia kwa aliyehamia nchi za Umoja wa Ulaya, Marekani, hata Mauritius. Aliyehamia Kenya, Tanzania au Uganda hapandishiwi. Inaganda pale pale ilipokuwa siku aliyohama, na itabaki hivyo kwa muda wote atakaoishi huko. Tuchukue mzee aliyestaafu Aprili 2016 akiwa na pensheni kamili ya pauni 155.65 kwa wiki, akahamia Kisumu mwaka huo huo. Mwaka 2025 bado alikuwa analipwa pauni 155.65. Mwenzake waliyefanya kazi pamoja, aliyebaki Reading, alikuwa anapata 230.25. Tofauti ilikuwa pauni 74.60 kila wiki, karibu pauni 3,880 kwa mwaka, ilhali wote wawili walikatwa michango ile ile. Annette Carson, mstaafu aliyehamia Afrika Kusini, alilipeleka suala hili mahakamani Uingereza, kisha hadi Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, ambayo mwaka 2010 iliamua dhidi yake. Mimi nauona utaratibu huu kuwa dhuluma, na nalisema hilo waziwazi. Lakini mzee anayepanga safari hawezi kuhesabia mabadiliko ambayo hayajaja. Apige hesabu kwa pensheni iliyoganda, huku bei ya dawa, mafuta na mshahara wa msaidizi wa nyumbani vikipanda kila mwaka.

Afadhali ipo kwa waliofanya kazi NHS, huduma ya afya ya taifa ya Uingereza. Pensheni yao ya kazini, tofauti na ile ya serikali, huendelea kupandishwa hata wakiishi Bukoba. Nesi mwenye pensheni mbili anapaswa kujua ipi inaganda na ipi inatembea.

Kuna pia pesa ambazo si pensheni kabisa, ingawa mzee amezizoea kama pensheni. Pension Credit, inayomwongezea mwenye kipato kidogo, inakoma ukihama. Attendance Allowance ya mzee anayehitaji kusaidiwa nayo inakoma kwa anayehamia kwetu. Msaada wa kodi ya nyumba hauvuki bahari. Nimewahi kukaa na baba mmoja tukiandika mapato yake kwenye karatasi, mstari kwa mstari, kisha tukikata kila kinachobaki Uingereza. Alipoona kilichosalia alinyamaza kwa muda mrefu. Hakughairi safari, ila aliisogeza mbele miaka miwili, na miaka hiyo aliitumia vizuri.

Jambo lingine dogo linaloleta taabu kubwa: mlipaji pensheni huwatumia wastaafu wa nje fomu ya kuthibitisha kwamba wako hai, isainiwe na shahidi. Isiporudishwa, malipo huweza kusimamishwa. Barua inayotumwa kwenye sanduku la posta la mpwa aliyehamia Dodoma haitafika. Chagueni anwani ya mtu makini.

Upande wa matibabu, wengi wanaamini pasipoti ya Uingereza ni tiketi ya kurudi NHS wakati wowote. Sivyo. Haki ya matibabu ya bure hospitalini inafuata makazi, haifuati pasipoti wala miaka uliyochangia. Ukishahama na kurudi kwa matembezi, utahudumiwa idara ya dharura bila malipo, lakini ukilazwa unaweza kudaiwa asilimia 150 ya gharama. Aliye na ukaazi wa kudumu bila uraia ana hatari ya ziada: kwa kawaida akikaa nje ya Uingereza zaidi ya miaka 2 mfululizo, ukaazi huo unapotea. Na hata raia akirudi kuishi, atapimwa kwanza kama kweli ameweka makazi kabla ya kupewa posho au nyumba. Nyumba ya halmashauri, ile tunayoiita ya kaunsili, ukishairudisha huipati tena kirahisi.

Kwa hiyo bima ya nyumbani ishughulikiwe kabla ya kufunga mizigo. Kenya ilifunga mfuko wake wa bima ya afya, NHIF, na kuanza mamlaka mpya, SHA, tarehe 1 Oktoba 2024. Michango ni asilimia 2.75 ya kipato, na asiye na mwajiri hulipa ya mwaka mzima kwa mkupuo. Tanzania ina NHIF yake, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Bima binafsi nyingi zina ukomo wa umri kwa mwanachama mpya, hivyo anayesubiri hadi 70 anaweza kukuta mlango umefungwa. Mzee aende kwa daktari wake wa GP akachukue nakala ya rekodi zake, na orodha ya dawa kwa majina ya kitaalamu, si majina ya kampuni, kwa sababu kidonge cha presha kinachouzwa Luton kwa jina moja kinaweza kuwa na jina jingine duka la dawa la Tanga.

Uraia na ardhi nitavipitia haraka, kwa kuwa wanasheria wamepewa kikao chao. Mkenya wa kuzaliwa analindwa na Katiba ya 2010: anaweza kuwa na uraia wa nchi mbili, na aliyeupoteza zamani anaweza kuuomba tena. Mtanzania aliyechukua uraia wa Uingereza ameupoteza wa Tanzania, na kwa Sheria ya Ardhi ya 1999 asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Ndiyo sababu nyumba nyingi za wenzetu zimesimama kwenye majina ya kaka na wapwa. Utaratibu wa Hadhi Maalum kwa wenye asili ya Tanzania umeshaingizwa kwenye sheria, na nawasihi wahusika waufuatilie wakiwa hai na kaka akiwa hai. Kaka akitangulia, mjane na watoto wake wataikuta hati yenye jina la baba yao, na hakuna mahakama itakayowalaumu kwa kudai mirathi.

Sasa niwazungumzie watu wenyewe. Ninawajua wanandoa ambao baba anahesabu siku za kurudi, na mama hataki kusikia, kwa sababu wajukuu watatu wako kituo kimoja cha basi kutoka kwake. Huyu mama si mkaidi. Alikuwa kazini watoto wake walipokuwa wadogo, na wajukuu ndio malezi yake ya kwanza ya kutulia. Wanandoa hawa wasikilizwe pamoja, mbele ya mtu wanayemheshimu wote, kabla nyumba ya huku haijarudishwa. Wengine wataafikiana miezi sita huku, miezi sita kule, na hapo masharti ya pensheni, ya posho na ya ukaazi yaangaliwe upya, maana Pension Credit, kwa mfano, kwa kawaida inastahimili safari ya wiki 4 tu.

Na kule nyumbani, anayerudi hamkuti tena rafiki aliyemwacha. Rika lake limepungua. Vijana wanamjua kama anayetuma pesa, hivyo mwezi wa kwanza zitakuja ada, harusi, paa la kanisa, kisima cha msikiti. Hakuna ubaya katika kuombwa. Ndio udugu wetu. Ila mzee awaambie ndugu mapema, kwa mdomo wake, kwamba mshahara umekwisha, anakuja na pensheni yenye kiwango fulani, na atachangia kiasi fulani. Anayenyamaza ili alinde heshima yake, ndani ya mwaka mmoja hana heshima wala akiba.

Napendekeza basi haya. Kila chama kiteue watu watatu wa kamati ya kurejea: mmoja anayeelewa makaratasi ya pensheni, mmoja mwenye uzoefu wa afya, na mmoja mwenye busara ya kukaa na familia. Mwanachama akifika miaka 60 afunguliwe jalada. Kabla ya kuhama, akaishi nyumbani miezi mitatu ikiwemo masika, bila gari la kukodi na bila zawadi, apike, apange foleni hospitali, alipe umeme, ajue anavyolala usiku mvua ikinyesha. Sehemu ya mfuko wa misiba itengwe kwa safari hiyo ya majaribio kwa asiye na uwezo. Hakuna sababu ya chama kuwa na pesa za jeneza na kukosa nauli ya mtu anayepumua.

Naomba semina hii isifungwe kabla kila chama hakijataja majina yake matatu, na kabla hatujakubaliana ni nani atakayeanza, wiki hii, kuwapigia simu waliokwisha kurudi Moshi, Tanga, Kisumu na Unguja, kuwauliza wanaendeleaje na wanakwama wapi.