Kuni za Mama



Asubuhi hii ya baridi, ukungu ukiwa bado umetanda juu ya mashamba ya chai, wengi wetu tumekwisha kunywa kikombe cha moto. Je, tumemkumbuka aliyeleta kuni?

Sisi wa Nyeri tunawajua mama zetu waliobeba kuni mgongoni, kamba ikiwa imepita kichwani. Miaka ikapita, kamba ile ikachimba alama katika paji la uso. Alama tuliiona, wala hatukujiuliza ni kuni ngapi tulizozichoma bure.

Profesa Wangari Maathai, aliyezaliwa Ihithe, hapa Nyeri, mwaka 1940, aliwasikiliza akina mama wa mashambani waliosema kwamba kuni zimekuwa mbali na vijito vinakauka. Mwaka 1977 akaanzisha kazi ya kupanda miti. Kupanda ni kwema. Lakini mti uliopandwa leo unataka miaka. Ule ambao hatukuuchoma umekwisha simama.

Basi na tuanzie jikoni. Maharagwe na mahindi ya githeri tuyaloweke tangu jioni, yapate kuiva upesi. Kuni tuzipasue na kuzianika, maana kuni mbichi hutoa moshi mwingi na joto kidogo, na moshi huo huumiza vifua vya mama na mtoto. Sufuria tuifunike. Ikichemka, tupunguze moto: maji yanayotokota kwa fujo hayana joto zaidi ya yale yanayotokota polepole. Wanaotumia makaa watafute jiko lenye udongo ndani, kwa kuwa udongo hulinda joto ambalo bati tupu hulipoteza. Chakula kikiiva, makaa yaliyobaki tuyazime, yatufae kesho.

Labda mtu atasema, huo ni ubahili. Lakini Bwana Yesu, alipokwisha kuwashibisha watu elfu tano, aliwaagiza wanafunzi wake wakusanye vipande vilivyobaki. Ikiwa yeye aliyeweza kuizidisha mikate hakuyadharau makombo, sisi tusioweza kuumba hata jani moja tutayatupaje makaa?

Jioni ya leo, kabla ya kuongeza ukuni motoni, tumtazame kwanza yule aliyeubeba. Mungu atujalie macho ya kumwona, na mikono ya kumpunguzia mzigo. Amina.