Usukani wa Lori: Tafuta Chanzo Kwanza



Lori lenye tani 10 za unga halisimami upesi. Usukani ukiachia barabarani, watu watakufa. Basi tusibadili kifaa kabla ya kujua ugonjwa.

Usukani ukiwa mzito, pima kwanza upepo wa tairi za mbele, kisha tazama oili ya usukani na mkanda wa pampu. Vikiwa sawa, tia grisi kwenye kingpini.

Lori likivuta upande mmoja, linganisha upepo wa tairi. Baada ya safari, sogeza mkono karibu na ringi za mbele bila kuzigusa. Yenye joto zaidi, huenda breki yake inashika.

Usukani ukicheza, weka magogo kwenye tairi za nyuma. Mmoja autikise kidogo, injini ikinguruma. Mwenzake achuchumae kando atazame, asiingie chini wala asitie mkono. Mwendo unapopotea, hapo ndipo pameharibika.

Kichwa cha tairodi kikilegea, lori lisitoke, hata kama watu wanasubiri mgawo. Kufunga kwa waya si dawa. Mwambieni msimamizi wa magari siku hiyo hiyo.