Vibamba vinavyoyeyuka mwilini: tuanze na vichwa vya watoto
(Mada kwa semina ya wauguzi na wahudumu wa afya, Cibitoke, Bujumbura)



Hapa Cibitoke, jirani na hospitali ya chuo kikuu ya Kamenge, taya lililovunjika si habari ngeni. Anayeanguka na pikipiki bila kofia ngumu hutanguliza uso. Matibabu mnayajua: meno hufungwa waya na mgonjwa akanywa uji kwa mrija wiki kadhaa, au mfupa huungwa kwa vibamba vya titani na skrubu ndogo.

Uzi wa kushonea unaoyeyuka kila muuguzi ameushika. Vibamba tunavyovizungumzia leo ni vya ukoo huohuo: polima za asidi ya laktiki na ya glikoliki. Aina ya LactoSorb, iliyoanza kutumika Marekani mwaka 1996, ina asilimia 82 ya ile ya kwanza na 18 ya ile ya pili. Maji ya mwilini huikata polima polepole. Kwa wiki 6 hadi 8, muda ambao mifupa ya uso huunga, kibamba hushika. Baada ya mwaka hivi hakipo. Asidi ya laktiki inayotoka humo ndiyo ileile inayotengenezwa na misuli ya kijana anayepanda mlima wa Bugarama kwa baiskeli (asiyejishikiza nyuma ya lori, lakini). Mwili huigeuza maji na hewa ukaa.

Faida kubwa iko kwa mtoto. Fuvu lake hukua kwa kuongezewa mfupa upande wa nje huku upande wa ndani ukiliwa. Titani iliyofungwa juu ya fuvu la mtoto wa mwaka mmoja haisogei. Mfupa ndio unaoipita, hata baada ya miaka kadhaa ikaonekana imezama kwa ndani, karibu na utando wa ubongo. Kuitoa ni kupasua kichwa upya.

Kwa mtu mzima sioni haraka ya kuacha titani. Taya la chini hubeba nguvu ya kutafuna, na polima ya kulihimili lazima iwe nene. Huko Groningen, Uholanzi, wagonjwa waliowekewa vibamba vya awali vya asidi ya laktiki tupu kwenye mfupa wa shavu walirudi baada ya miaka 3 hivi wakiwa wamevimba, kwa sababu mabaki yalichelewa kuisha. Titani mara nyingi huachwa humo maisha yote bila taabu.

Kuna pia suala la chumba cha upasuaji. Titani hutakaswa kwa mvuke kwenye otoklevu. Isiyotumika hurudi kwenye seti. Polima haivumilii mvuke huo. Huja imeshatakaswa, ndani ya foili isiyopitisha unyevu, na foili ikichanwa, kibamba kitumike au kitupwe. Kukikunja, daktari hukipasha moto wa nyuzi 70 hivi. Tundu nalo lazima lichongwe hesi kwanza; skrubu ikilazimishwa, kichwa chake hukatika.

Kwa hiyo napendekeza pakiti chache, zihifadhiwe mahali pamoja penye ubaridi, kwa ajili ya vichwa vya watoto tu. Mjadala wetu uanze na gharama. Tangu Mei 2006 mtoto wa chini ya miaka 5 hutibiwa bure katika vituo vya serikali. Basi pakiti hiyo ihesabiwe kuwa dawa yake, mama asitumwe kwenda kuinunua.