Baba Aliporudi kutoka Manyani

(Maneno ya mzee mmoja katika mkutano wa wazazi)

Nimeambiwa niseme juu ya malezi. Mimi si mwalimu, nitasema tu jinsi nilivyolelewa.

Nilizaliwa Nyeri mwaka wa 1946. Hali ya Hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Baba alikuwa kibarua Nairobi, akashikwa katika ule msako mkubwa wa Aprili 1954 na kupelekwa kizuizini Manyani. Sisi huku nyumbani tulihamishwa kwa nguvu, tukatiwa katika kijiji kilichozungushiwa handaki lenye miti iliyochongwa. Mama alishinda akichimba handaki hilo, na jioni hapakuwa na ruhusa ya kutoka kutafuta chakula. Aliyetupa unga ni baba mdogo. Naye, si mnajua, alikuwa homgadi.

Baba alirudi 1959. Alikuta mashamba yameshaunganishwa na kupimwa, na lake limeandikwa kwa jina la ndugu yake. Hakusema neno. Alianza kunywa. Akimpiga mama, sisi watoto tulitoka tukakaa kwenye migomba mpaka alale. Mama naye alituambia tunyamaze, majirani wasisikie. Kana kwamba majirani hawana masikio!

Usiku wa kuamkia 12 Desemba 1963 kijiji kizima kiliimba. Baba mdogo alikuwa mbele, ameshika bendera. Baba alikaa jikoni gizani. Nikamwuliza, "Baba, si huu ndio uhuru wenu?" Alinipiga kofi. Nilikuwa na miaka 17. Sikumwuliza tena kitu mpaka alipokufa.

Baba mdogo alipozikwa, mjane wake ndiye aliyenieleza. Sheria ya wakati ule iliruhusu serikali kunyang'anya ardhi ya waliopigana nayo. Mumewe aliogopa, akaandikisha jina lake. Alingoja aombwe ndipo arudishe. Baba naye alingoja arudishiwe bila kuomba. Sijui kama niamini yote. Lakini wale wawili walikaa miaka mingi, ua mmoja katikati, na sisi watoto hatukuruhusiwa hata kusalimiana.

Haukupita muda, kijana wangu akaniuliza mbona hatuendi kwa binamu zangu. Nikamwinulia mkono. Nikaona, ah, hili ni lile kofi la baba. Niliushusha, tukatoka nje, nikamwonyesha ule ua, nikaanza kumweleza tangu 1952. Mama yake alituita chakula mara tatu.