PAWATILA HAITAKI UBISHI
(Mazungumzo na kikundi cha wakulima, bonde la Luiche, Kigoma)



Leo sikuja na ubao wala chaki. Ubao wetu ni hii pawatila iliyosimama hapa mbele yenu. Mashine hizi zilienea nchini baada ya Kilimo Kwanza kuanza mwaka 2009. Nyingi zina nguvu za farasi 12 hadi 16. Zinalima mpunga, zinavuta tela. Lakini pia zinaweza kumvunja mtu mguu.

Kwanza, kuvuta. Huko Marekani, tangu mwaka 1929, watu hushindana kuvuta mizigo kwa matrekta. Wengine hutumia matrekta madogo ya bustani. Siku hizi trekta hufungiwa chombo chenye sanduku la uzito. Kadiri linavyokwenda, sanduku nalo husogea mbele na mzigo hukaza. Anayefika mbali ndiye mshindi. Je, anashinda mwenye kelele nyingi? Hata kidogo! Ukiondoka kwa pupa, tairi huzunguka pale pale na kuchimba shimo.

Na sisi kwenye tope ni hivyo hivyo. Tia gia ndogo. Achia klachi taratibu. Tairi likizunguka bila kwenda, punguza moto. Shusha mzigo, tandika nyasi au mbao, kisha jaribu tena.

Pili, kushuka mlima. Hapa nisikilizeni vizuri. Siku moja nilikuwa nateremka na tela la mpunga. Nikataka kwenda kushoto, nikabana klachi ya mkono wa kushoto. Lo! Mashine ikaenda kulia, ikanitupa mtaroni. Magunia 6 yalimwagika. Mimi nilitoka na michubuko tu, namshukuru Mungu.

Kwa nini ilikuwa hivyo? Katika tambarare, ukibana kushoto gurudumu la kushoto hukosa nguvu, la kulia husukuma, mashine hukata kushoto. Mteremkoni mambo hugeuka. Mzigo unasukuma, injini inazuia. Gurudumu uliloliachia hukimbia zaidi, na mashine hukata upande wa pili. Basi, tia gia ndogo ukiwa bado juu. Ukishaanza kuteremka usibane klachi yoyote. Geuza kwa nguvu ya mikono. Wala usipakie watu juu ya magunia.

Tatu, ushirikiano. Mnawajua wavuvi wetu wa dagaa. Wavu hauvutwi na mtu mmoja. Hata kwenye mashindano yale, mtu akiharibikiwa, mpinzani wake humwazima spana. Nanyi mna mashine moja. Dereva asifiche ujuzi wake. Awafundishe wenzake, wake kwa waume.

Na kisomo chenu kitumike. Wekeni daftari. Andikeni tarehe, dereva, lita za dizeli, na siku ya kubadili oili. Daftari likisomwa mbele ya wote, ugomvi hupungua.

Kidole kimoja hakivunji chawa.

Maswali ya kujadili kikundini:
1. Kwa nini tairi huchimba shimo?
2. Tufanye nini kabla ya kuanza kuteremka?
3. Nani ataandika daftari letu?