Kuachiwa Si Kutokuwa na Hatia



Mfikirieni mtunza ghala wa chama cha ushirika katika kijiji kimoja cha nyanda za juu za Kigoma. Magunia ya maharage yamepungua. Anatuhumiwa wizi, anasimamishwa kazi na kufikishwa mahakamani. Baada ya miezi mingi anarudi nyumbani. Kijijini habari ni moja tu: “Ameachiwa.” Wengine wanaongeza kwa kunong’ona: “Ameponyoka.” Hakuna anayeuliza ameachiwa kwa njia gani, na hali swali hilo ndilo linalopasa kuamua iwapo mtu huyo atakabidhiwa tena ufunguo wa ghala.

Neno “kuachiwa” hubebeshwa mambo matatu yasiyofanana hata kidogo. La kwanza ni kuondolewa kwa mashtaka. Kwa mujibu wa Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985, upande wa mashtaka ukiondoa shauri kabla mshtakiwa hajaitwa kujitetea, mshtakiwa huachiwa, lakini sheria haizuii kumshtaki tena. La pili ni kuonekana hana hatia. Hapo mahakama imepima ushahidi, ikaona kwamba hana kesi ya kujibu, au kwamba kosa halikuthibitika. Wala hawezi kushtakiwa tena kwa kosa lile lile, isipokuwa hukumu hiyo itenguliwe kwa rufani. La tatu ni msamaha, kama ule ambao Rais amepewa mamlaka ya kuutoa katika Ibara ya 45 ya Katiba ya mwaka 1977. Msamaha humfikia aliyekwisha kupatikana na hatia.

Basi, anayesema kwamba mtu asiye na hatia “amesamehewa” hamtendei hisani, bali anamhukumu upya. Husamehewa aliyekosa. Hata neno “kusafishwa”, linalopendwa sana barazani, lina mwiba ndani yake, kwani husafishwa kilichochafuka. Majirani wa Rwanda wana neno zuri zaidi: asiye na hatia humwita “umwere”, neno lenye asili ya weupe. Halisemi kwamba uchafu umeoshwa; lasema kwamba mtu huyo ni mweupe.

Kiswahili nacho hakina upungufu. Kina hatia, kosa, tuhuma, lawama na msamaha, kila neno na mahali pake. Upungufu umo katika matumizi, na wenye kalamu ndio wenye dhamana kubwa zaidi. Tangu mfumo mpya wa mahakama ulioletwa na sheria ya mwaka 1963, Mahakama ya Mwanzo imemhudumia mwananchi kwa Kiswahili. Na mwaka 2021 Bunge lilitunga sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini. Mwananchi amerudishiwa lugha yake. Hapana budi sasa arudishiwe pia usahihi wake.

Yupo mwalimu anayerejeshwa darasani kwa barua isemayo kwamba “amesamehewa na kuonywa”, ilhali uchunguzi haukumkuta na kosa lolote. Barua hiyo hukaa ndani ya jalada. Miaka mitano baadaye, anapofikiriwa kuwa mwalimu mkuu, ofisa mgeni atalifungua jalada na kusoma kwamba aliwahi kusamehewa. Atajiuliza: alisamehewa nini? Neno moja la karani limemfunga mtu ambaye uchunguzi ulimfungua.

Katiba, katika Ibara ya 13, yakataza kumtendea mshtakiwa kama mkosaji kabla hatia yake haijathibitika. Nayo ahadi ya mwanachama wa TANU, ambayo CCM iliirithi mwaka 1977, ilimtaka kila mmoja aseme kweli daima na kuifanya fitina kuwa mwiko. Fitina si uongo wa kusema tu. Hata neno legelege lililopigwa muhuri laweza kuwa fitina.

Kwa hiyo, aliyeondolewa mashtaka aandikwe hivyo. Aliyesamehewa aandikwe hivyo. Na yule asiye na hatia aandikiwe waziwazi, kwa maneno matatu yasiyo na mkia: “Hakupatikana na kosa.” Kisha yasomwe hadharani, mbele ya mkutano ule ule uliosikia tuhuma zake, ndipo akabidhiwe ufunguo wake.